Bi Pimbi na Wakubwa Waliotaka Kupita Katikati

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati ngamia bado alikuwa anaulizwa kila siku na watoto wake, "Baba, hicho ulichobeba mgongoni ni cha nani?", palikuwa na bonde moja kavu lenye chemchemi moja tu.

Upande wa mawio wa bonde hilo palikuwa na mlima, na mlimani aliishi Bwana Kifaru. Upande wa machweo palikuwa na mlima mwingine, na huko aliishi Bwana Nyati. Wakubwa kweli kweli! Bwana Kifaru akipiga chafya, tende zinapukutika. Bwana Nyati akigeuka kitandani, milima yote miwili inauliza, "Kuna nini?"

Na katikati, bondeni, penye chemchemi, waliishi majirani wanne. Mzee Ngamia alikuwa na shamba lake la mitende. Mama Mbuni alikuwa na ua uliofagiliwa ukang'aa. Punda alikuwa na kibanda na chungu cha uji. Wa nne alikuwa Bi Pimbi, mdogo kama mkate wa bofulo, asiye na mkia hata wa kufukuzia nzi. Nyumba yake ilikuwa tundu ndani ya mwamba, na tundu hilo lilipenya mwamba wote: mlango wa mbele ulitazama mlima wa Kifaru, mlango wa nyuma ulitazama mlima wa Nyati. Juu alikuwa na kitundu cha kutolea moshi.

Sasa nisikilizeni. Wewe uliye karibu na dirisha, acha kumfinya mwenzio.

Siku moja Bwana Kifaru aliamka na mgongo unamwasha. Akaita, "Ndege wangu! Njoo unikune!" Kwa maana alikuwa na ndege wake mla kupe, aliyekuwa akikaa mgongoni mwake miaka yote.

Kimya.

"Ndege wangu?"

Kimyaaa.

Bwana Kifaru akatazama mlima wa pili. Haoni mbali yule, macho yake ni ya mapambo tu, lakini masikio anayo. Akasikia kutoka kwa Nyati: kwi! kwi! kwi!

"Ameniibia ndege!" Kifaru akanguruma. "Nyati kaniibia ndege wangu!"

"Sikuiba!" Nyati akajibu kutoka kwake. "Kaja mwenyewe! Amesema wewe unakoroma!"

"Mimi? Nakoroma?"

"Unakoroma na kuota kwa sauti!"

Basi, wanangu, vita vikaanzia hapo. Bwana Kifaru akachota jiwe kwa pembe yake, akalirusha kuelekea kwa Nyati. Vuuuuu! Lakini mlima wa Nyati ulikuwa mbali. Jiwe likapita juu ya bonde, likachoka njiani, likashuka. Paa! Likatua ndani ya chungu cha uji cha Punda.

Bwana Nyati naye akapiga jiwe teke kuelekea kwa Kifaru. Vuuuuu! Nalo likachoka njiani. Puuh! Likang'oa nusu ya wigo wa Mama Mbuni.

Ikawa hivyo kutwa. Wagombanao wako milimani salama salimini, na mawe yote yanaanguka bondeni.

Mwisho Kifaru akaona mawe hayamfikii adui yake. Akashuka hadi kwa Mzee Ngamia, thu! thu! thu!

"Shikamoo, Bwana Kifaru," Mzee Ngamia alisema.

"Marahaba!" Kifaru alijibu, lakini alikuwa anautazama mtende. "Sikiliza, Ngamia, mbona leo umekuwa mwembamba hivi?"

"Niko huku, bwana."

"Aaa." Kifaru akageuka. "Ijumaa, jua likifika utosini, napita hapa katikati kwenda kumpiga Nyati. Bomoeni wigo zenu. Atakayenizuia nitajua ni adui yangu."

Akaondoka. Mavumbi hayajatulia, Bwana Nyati akafika kwa Mama Mbuni kutokea upande wa pili.

"Mama Mbuni! Ijumaa, jua likifika utosini, napita hapa kwenda kumpiga Kifaru. Ondoeni vyungu vyenu njiani. Atakayenizuia nitajua amenigeuka."

Sasa fikirieni wenyewe. Kifaru anatoka huku, Nyati anatoka huku, na wote wawili wanakutana wapi? Chemchemini! Wakishapambana pale nusu saa tu, chemchemi itakuwa tope, na bonde zima halina maji mengine. Majirani wanne wangehama na watoto na mikeka, na hapakuwa na pa kuhamia.

Wakakutana uani kwa Mzee Ngamia. Mzee Ngamia akakohoa kikohozi cha mwenyekiti.

"Jamani, lazima tuwe na msimamo mmoja."

"Naam!" alisema Punda. "Mmoja!"

"Upi?" aliuliza Bi Pimbi.

Mzee Ngamia akatafuna. Ngamia akiulizwa jambo gumu hutafuna hata kama mdomoni hamna kitu. "Hilo ndilo lililotukutanisha. Ila mimi niseme ukweli wangu. Bwana Kifaru hunifukuzia fisi kila kiangazi. Nikimfungia njia, fisi wakija nani atawafukuza? Wewe, Pimbi?"

"Na mimi?" Mama Mbuni akadakia. "Binti yangu ameolewa kule kwa Nyati. Sasa hivi amekalia mayai saba! Kifaru akipita kwenda kule, yale mayai hayatahitaji kikaango. Mimi simfungulii."

"Kwa hiyo unamfungulia Nyati?"

"Sijasema hivyo! Nimesema simfungulii huyu. Kuhusu yule, mimi sijaona mtu, sijasikia mtu." Na hapo hapo akaingiza kichwa chake ndani ya kapu la tende.

"Na wewe Punda?"

"Mimi," alisema Punda kwa fahari, "nalamba chumvi ya mlima wa Nyati na nakula majani ya mlima wa Kifaru. Kwa hiyo msimamo wangu hautikisiki. Nampinga yeyote ambaye hayupo."

"Na akija?"

"Akija, namuunga mkono mpaka aondoke."

Mzee Ngamia akasimama, akachukua kijiti, akaanza kuandika mchangani. "Basi tutoe tamko. 'Sisi wakazi wa katikati tumesikitishwa sana.'"

"Ongeza 'mno'," Mama Mbuni alisema kutoka kapuni.

"'Tumesikitishwa sana mno. Na tunakilaani vikali kitendo hicho.'"

"Kitendo gani?" aliuliza Bi Pimbi.

"Hicho."

"Cha nani?"

"Shhh! Tusitaje majina. Ukitaja jina mtu anajitambua."

Vuuuuu! Jiwe likapita hewani. Wote wakainama. PAA! Likatua juu ya tamko lenyewe, mchanga ukawafumba macho.

Mzee Ngamia akapangusa kope zake ndefu, akaokota kijiti upya. "'Tumesikitishwa tena.'"

Bi Pimbi hakucheka. Alitazama chemchemi, akawatazama wenzake. Akaona kwamba hakuna mjinga pale isipokuwa Punda, na Punda naye ni kidogo tu. Waliobaki walikuwa na hofu, na kila mmoja hofu yake ilikuwa na sababu nyumbani kwake. Huwezi kumwambia mama asahau mayai saba.

"Mzee Ngamia," alisema, "msimfungie mtu njia, wala msimfungulie. Ijumaa hiyo hiyo, jua likiwa utosini, mimi nitawaalika chakula."

"Nani?"

"Wote wawili."

Mama Mbuni akachomoa kichwa kapuni, tende imemganda puani. "Kwenye nyumba gani? Hata mimi siingii mguu!"

"Hawataingia. Ninyi nipikieni tu. Na wewe Punda utabeba sahani."

"Nitabeba!" alisema Punda. Alikuwa amemaliza kusema "haiwezekani" kwa sauti ya chini, kwa sababu Mama Mbuni alionekana kuona hivyo.

Bi Pimbi akapanda mlima wa mawio, miguu yake mifupi ikienda tiki-tiki-tiki.

"Shikamoo, Bwana Kifaru."

"Marahaba, ewe kichuguu."

"Mimi Pimbi, bwana. Nimeleta habari. Bwana Nyati anataka kuzungumza nawe, ila anaona haya."

"Haya? Nyati?" Kifaru akasimamisha masikio. "Haya kiasi gani?"

"Amekataa hata kunywa maji."

"Hm! Na aone haya. Lakini mimi siwezi kukaa naye sehemu moja. Nikimwona usoni nitapasuka."

"Hutamwona, bwana. Wewe utakaa mlango wangu wa mbele, yeye atakaa mlango wa nyuma. Mwamba uko katikati. Mimi nitapita ndani na maneno."

"Na nani atafika kwanza? Mimi sitangulii kufika. Mkubwa hafiki kwanza."

"Atafika yeye kwanza."

Akashuka, akapanda mlima wa machweo, tiki-tiki-tiki.

"Shikamoo, Bwana Nyati. Bwana Kifaru anataka kuzungumza nawe, ila anaona haya."

Nyati akaacha kucheua. "Haya kiasi gani?"

"Ameinamisha pembe zote mbili."

"Hm! Lakini sitangulii kufika."

"Atafika yeye kwanza, bwana."

Ijumaa ikafika. Bi Pimbi akamweka Punda katika njia ya kupandia mlima mmoja na Mzee Ngamia katika njia ya mlima wa pili, na jua lilipofika utosini, wote wawili wakapaza sauti pamoja: "Mwenzako ameshafika, bwana!"

Thu! thu! thu! huku. Du! du! du! kule. Bwana Kifaru akakaa mbele ya mwamba, Bwana Nyati akakaa nyuma ya mwamba. Huyu akawekewa majani mabichi na tende, na yule vivyo hivyo, sahani kwa sahani, maana kama mmoja angepewa tende moja zaidi pangekuwa na vita vya pili.

"Sasa!" alisema Kifaru, akitafuna. "Mwambie huyo mwizi, mwenye pua kama mtungi, kwamba nikimkamata leo nitamtandika kama mkeka!"

"Nimesikia," alisema Bi Pimbi. Akaingia ndani, tiki-tiki-tiki, akatokea upande wa pili.

"Anasemaje?" Nyati aliuliza.

"Anakusalimu. Amekumbuka pua yako kubwa. Na anasema mkikutana atakutandikia mkeka."

Nyati akakaza shingo. "Mkeka? Wa nini?"

"Wa kukalia, bwana. Wewe ni mgeni wake."

"Hm." Nyati akatafuna tende polepole. "Sijalainika mimi. Mwambie hizo pembe zake mbili, moja nyuma ya nyingine kama watu wanaosubiri zamu kwa kinyozi, nitaziondoa nizipeleke kwangu zikawe vigingi!"

Tiki-tiki-tiki.

"Kasemaje?" aliuliza Kifaru.

"Amesifu pembe zako. Anasema zimepangika vizuri, hata anatamani zingekuwa nyumbani kwake."

"Kweli?" Kifaru akajaribu kutazama pembe yake mwenyewe, macho yakagongana. "Hata mama alizisifu. Lakini asidhani nitadanganyika! Mwambie mimi nilikuwa natisha nchi nzima yeye akiwa ndama, anafuata kila kitu kinachotembea akidhani ni mama yake!"

Tiki-tiki-tiki.

"Anasema anakukumbuka ulipokuwa mdogo."

Nyati akaacha kutafuna. Wanangu, hakuwa amewahi kukumbukwa na mtu tangu mama yake alipofariki. "Ananikumbuka?"

"Anasema ulikuwa unapenda sana kufuatana na watu."

"Ni kweli," Nyati alisema, na sauti yake ikapungua unene. "Nilikuwa hivyo." Kisha akajikumbusha kwamba amekasirika. "Lakini mwambie amenenepa mpaka kivuli chake kinapumua kwa shida!"

Tiki-tiki-tiki. Bi Pimbi alikuwa anahema sasa, ulimi nje. Laiti angekuwa na mkia, ungekuwa umelala.

"Anauliza hali yako. Amesikia unapumua kwa shida."

Kifaru akaacha kula. "Nani kamwambia? Ni kweli kifua kinanibana vumbi likivuma. Sijamwambia mtu." Akatazama chini. "Mwambie... mwambie namshukuru. Na yeye aangalie kwato zake. Mvua zikija zinapasuka. Apake matope ya mfinyanzi."

Bi Pimbi akasimama pale ndani ya tundu, gizani katikati ya mwamba, akashika kifua. Neno hilo halikuhitaji kugeuzwa hata kidogo! Akakimbia nalo kama lilivyo, bila kulipunguza wala kulitia chumvi, akalifikisha. Na Nyati akajibu, "Mwambie nitapaka." Mzee Ngamia, aliyekuwa amejificha nyuma ya mtende, akaanza kutabasamu. Mama Mbuni akafikiria kutoa kichwa kapuni.

Na ndipo Punda alipokuja na sahani za mwisho.

Punda alikuwa anabeba sahani huku na huku tangu mwanzo, akasikia ya mbele na akasikia ya nyuma. Na Punda hakuwa na ubaya hata chembe. Alikuwa na ukweli tu, na hakujua pa kuuweka. Akamwekea Nyati majani, akasema kwa upole:

"Bwana Nyati, huyu Bi Pimbi ni mchovu sasa, anasahau maneno. Bwana Kifaru hakusema mkeka wa kukalia. Alisema atakutandika wewe."

"Nini?"

"Kama mkeka. Na alisema pua yako ni mtungi. Mimi nina kumbukumbu nzuri."

"NINI?"

Akazunguka mwamba, akamwekea Kifaru sahani yake. "Na wewe, Bwana Kifaru, pembe zako amesema atazifanya vigingi. Kuhusu kivuli niseme au nisiseme?"

Mzee Ngamia alifumba macho. Mama Mbuni akakizamisha kichwa zaidi kapuni.

"PIMBI!" alinguruma Kifaru.

"PIMBI!" alinguruma Nyati.

Ajabu, wanangu! Kwa mara ya kwanza tangu ndege ahame, wakubwa wale wawili wakasema neno moja kwa wakati mmoja.

Bi Pimbi alikuwa amesimama kwenye mlango wa mbele. Akamwona Kifaru anainamisha kichwa, anaparura ardhi kwa mguu, kharaa, kharaa. Nyuma ya mwamba akasikia kwato za Nyati, kharaa, kharaa. Hapakuwa na pa kukimbilia: mbele yuko huyu, nyuma yuko yule. Moyo wake ulidunda, lakini akili yake ilikuwa na mbio kuliko moyo. Yeye alikuwa anaujua upana wa nyumba yake. Wao walikuwa hawaujui.

"Mmenikamata!" alipiga kelele ili wote wasikie. "Naingia ndani! Na atakayewahi kunitoa ndiye mkubwa wa bonde hili!"

Akatumbukia ndani.

"Mimi!" alisema Kifaru.

"Mimi!" alisema Nyati.

Thu-thu-thu-thu! Du-du-du-du! Huyu akaja huku, yule akaja kule, macho wamefumba kwa hasira. Bi Pimbi akarukia ukuta, akapenya kwenye kitundu cha moshi, pyuu! akatokea juu ya mwamba akiwa na masizi puani.

Na chini yake: BWAAAAA!

Mwamba ukatikisika. Tende zikapukutika. Kapu la Mama Mbuni likapinduka pamoja na Mama Mbuni.

Vumbi likatulia.

"Siwezi kutoka," ilisema sauti nene kutoka ndani ya mwamba.

"Mimi pia," ilisema sauti ya pili.

Nje kulionekana matako mawili makubwa: moja la kijivu upande wa mawio, moja jeusi upande wa machweo, na mikia inapepea kuomba msaada. Na ndani, vichwa viwili vimekwama, pua kwa pua, mtungi kwa pembe, hakuna anayeweza hata kugeuza uso.

"Ondoa pua yako!" alisema Kifaru.

"Niipeleke wapi?"

"Unapumua usoni kwangu!"

"Nipumulie wapi?"

Wakatukanana. Walipomaliza matusi yote wanayoyajua, na hayakuwa mengi, wakaanza kuyarudia. Matusi ya mara ya pili hayana ladha. Wakaacha.

Bi Pimbi akainama kwenye kitundu cha moshi, akawachungulia. "Wazee wangu, mimi sibebi tena maneno. Miguu imekwisha. Yaliyobaki semezaneni wenyewe."

Kisha Kifaru, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa karibu vya kutosha kumwona mtu vizuri, akasema polepole, "Nyati... unalia?"

"Vumbi tu."

"Ndege wangu hajambo?"

Nyati akavuta makamasi. "Alinihama Jumanne. Alisema kupe wangu ni wachachu."

"Kwa hiyo huna ndege?"

"Sina."

"Na mimi sina." Kifaru akafikiri. "Na mgongo wako unawasha?"

"Usiseme, bwana! Siku tatu sijalala!"

Wanangu, walianza kuzungumza juu ya mgongo, wakaja kwenye kiangazi, kwenye magoti, kwenye namna watoto wa siku hizi wasivyosalimia. Jua likasogea, na wao bado wanaongea. Nje, majirani wanne walikuwa wamekaa wanasikiliza.

Mzee Ngamia akasimama. "Basi tuwavute, yaishe."

"Hapana," alisema Bi Pimbi. "Mzee wangu, lini tena utawapata wakubwa wote wawili wametulia namna hii? Wamepatana wao kwa wao. Sisi hatujapatana nao. Kesho wakigombana tena watapita wapi?"

Mzee Ngamia akatafuna, akatafuna, akaacha kutafuna. Akaukaribia mwamba. Sauti ikatoka, na safari hii haikuwa na "sana" wala "mno".

"Bwana Kifaru. Bwana Nyati. Tutawatoa. Lakini kwanza mtusikilize. Mawe yasipite tena juu ya nyumba zetu."

"Hayatapita," walisema wale wawili.

"Na ua wa mtu haupitiwi bila hodi," Mama Mbuni alisema, kichwa kikiwa juu hadharani. "Mkibisha hodi na mwenyewe akisema subiri, mtasubiri."

"Na tukitaka kupigana?" aliuliza Nyati. "Siyo kwamba tunataka. Tukitaka."

"Mtazunguka nyuma ya milima," alisema Bi Pimbi.

"Huko nyuma? Ni siku tatu kwa miguu!"

"Siku tatu na nusu."

"Kwenda kupigana tu?" alisema Kifaru. "Si nitafika nimechoka?"

"Utafika umechoka sana, bwana."

Ndani ya mwamba wakanong'onezana. "Tumekubali," walisema.

"Na mimi nimekubali!" alisema Punda, ingawa hakuulizwa.

Mama Mbuni akaleta samli, wakawapaka wale wakubwa mabegani na mbavuni. Mzee Ngamia akauma mkia wa Kifaru, Punda akauma mkia wa Nyati. "Moja... mbili... vuta!" Pwaaap! Kifaru akatoka kama kizibo. Pwaaap! Nyati akatoka na kipande cha ukuta shingoni.

Nyumba ya Bi Pimbi ilikuwa imepanuka hata ungeweza kuingiza harusi. Alisimama akaitazama, akapangusa masizi puani. Ilimuuma, maana alikuwa ameichonga mwenyewe. Lakini pembeni chemchemi ilikuwa inabubujika, maji maangavu kabisa, na hakuna kwato iliyoyagusa.

Bwana Nyati akaaga, akaenda zake. Bwana Kifaru naye akageuka kurudi kwake, na njia fupi ya kwenda kwake ilikatiza kwenye kibanda cha Punda. Akainua mguu. Akaushusha.

"Hodi," alisema Kifaru. Hakuwahi kulisema neno hilo maishani mwake, lilitoka kama mwiba.

Punda akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuwa na mtu wa kumuunga mkono, ilibidi ajibu mwenyewe.

"Subiri... subiri kidogo, bwana," alisema. "Bado nafagia."

Na Bwana Kifaru, aliyekuwa akipiga chafya tende zikapukutika, akasimama pale juani nje ya kibanda cha majani, akasubiri mpaka Punda alipomaliza kufagia.

Basi funzo lake, wanangu, ni hili: ukiishi kati ya wakubwa wawili wanaogombana, usihangaike kuchagua wa kumpisha, wafundishe wote wawili kubisha hodi.